Vidonge vya damu nameza kila siku, mbona damu haipandi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mjamzito wa miezi sita, niko Mbagala. Kliniki walinitoboa kidole wakasema damu ni 9.8 wakanipa FEFO (vile vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki), nimemeza wiki nne bila kuruka hata siku moja, juzi napimwa tena eti 9.9! Choo kimekua kigumu mpaka nalia, duka la dawa wakanipa ile dawa nyeupe ya maji ya magnesia, na kiungulia nacho kinanisumbua natafuna vidonge. Ili nisisahau navimeza vyote saa mbili usiku pamoja na kidonge cha kalsiamu, nashushia na maziwa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Wewe sio mvivu wa dawa, tatizo ni hiyo saa mbili usiku.

Iko hivi, madini chuma yanaingia mwilini pale mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, ukitoka tu tumboni, na ili yaingie yanahitaji ile asidi ya tumbo iyayeyushe kwanza. Sasa magnesia na vidonge vya kiungulia kazi yake ni kuizima hiyohiyo asidi, alafu kalsiamu, ya kidonge na ya maziwa, inazuia chuma kupita, kwahiyo chuma chako kingi kinaishia chooni. Na hapa nasema kwa uchungu kabisa, muuza dawa alitakiwa akuulize unatumia nini kingine kabla hajakupa ile chupa.

Usiache FEFO, itenganishe tu. Meza asubuhi ukiamka kabla hujala, kwa maji au juisi ya chungwa au ya ubuyu (vitamini C inasaidia sana), na chai subiri angalau saa nzima, hata ya rangi, maana majani ya chai nayo yanakishika chuma. Tumbo likichafuka kula kidogo, mradi isiwe maziwa. Kalsiamu iende na chakula cha mchana. Magnesia, kama kliniki wamekuruhusu, iwe usiku wakati wa kulala, na ya kiungulia usiiweke karibu na FEFO, acha saa mbili au zaidi. Kama una multivitamini yenye zinki nayo usiimeze wakati mmoja na FEFO.

Najua utauliza kuhusu sanamaki, yale majani ya kuharisha. Yenyewe inafanya kazi chini kwenye utumbo mpana, chuma kimeshapita huko juu, kwahiyo haikigombanii, ila ukiwa na mimba usijichemshie mwenyewe, na kuharisha kila siku kunakumaliza maji na chumvi za mwili. Mafuta ya nyonyo ndo kabisaaa usiguse, yanaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Waulize kliniki kuhusu laktulozi, inalainisha choo bila kushikana na chuma, na wewe ongeza maji, papai na mboga za majani.

Alafu niambie ukweli mdogo wangu, unakula udongo? Mwezi uliopita mama mmoja alifungua pochi yake mbele yangu, FEFO na vipande vya pemba (ule udongo wa kula) kwenye mfuko mmoja wa nailoni, vidonge vimepakaa vumbi lote. Udongo ule unashika chuma tumboni hakiendi popote, na unaweza kua na mayai ya minyoo. Hamu yake naijua ni kali, na mara nyingi inakuja hasa damu ikipungua, kwahiyo wala sikulaumu, ila waambie kliniki.

Choo kua cheusi kwa sababu ya FEFO ni kawaida. Kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kinanuka vibaya, au ukahisi kizunguzungu na moyo kwenda mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mjamzito tunataka 11 kwenda juu. Fanya hivi wiki nne kisha upimwe, na hiyo chupa ya magnesia na kopo la kalsiamu vibebe uende navyo, nesi avione kwa macho yake. Isipopanda hata hapo waombe waangalie malaria, minyoo na selimundu.