Jibu: Je, laini yaweza kuibwa kupitia mnara?

Aliyeanzisha uzi anauliza kama ni kweli mtu aweza kuingia kwenye simu yake kupitia mnara mpya uliosimamishwa karibu na kwao Kisauni, Mombasa, na kama dawa ni kutupa simu. Mie ni fundi simu, meza yangu iko Mwembe Tayari, mwaka wa kumi na moja huu.

Simu usiitupe. Sikiliza kwanza yaliyomfika ami yangu.

Jumamosi moja jioni tuko kwenye feri twavuka kwenda Likoni, ami akanipa kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe: "Hebu itazame, mtandao umekatika." Kwenye kioo imeandika simu za dharura pekee. Yangu yashika, na wa kando yangu yuaongea na mkewe, mtandao ule ule. Nikaizima nikaiwasha, nikatoa laini nikaipangusa kwa shati nikairudisha, wapi! Hapo moyo ukanidunda. Laini ikifa ghafla katikati ya watu ambao zao zafanya kazi, huenda kuna kadi nyingine mahali imewashwa kwa nambari hiyo hiyo. Ami alikuwa ameswapiwa laini. Nikawapigia huduma kwa wateja tungali majini. Laini wakaifunga, lakini hela zilikuwa zishaondoka.

Kumuuliza, akakumbuka kwamba asubuhi alipigiwa na kijana mwenye adabu sana, "shikamoo mzee", akaambiwa usajili wake una kasoro. Ami akataja nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, na watu watatu aliowapigia mwisho. Basi mwizi hakuhitaji zaidi ya hayo kwenda kujifanya ndiye mwenye laini. Na PIN ya pesa? Mwaka ule ule wa kuzaliwa. Mnara haukuhusika.

Hofu yako ya mnara nayo ina msingi, ila kasoro iko kwenye 2G, kizazi cha pili cha mtandao wa simu, kilichoanza kutumika 1991. Humo simu hujitambulisha kwa mnara, lakini mnara haujitambulishi kwa simu. Mwenye mtambo wa kuigiza mnara aweza kuivuta simu yako, akajua laini iliyo hapo, hata akakutumia ujumbe wenye jina la benki yako. Kuanzia 3G mtandao nao sharti ujithibitishe, ndiyo maana wenye mitambo hiyo huisukuma simu irudi 2G. Simu kadhaa za Android, tangu toleo la 12, zina swichi ya kuizima 2G kwenye mipangilio ya laini. Kabambe ya ami haina pa kukimbilia, 2G ndiyo maisha yake.

Kuna na hili la SS7, lugha ambayo kampuni za simu duniani huitumia kupokezana simu na ujumbe. Ilibuniwa miaka ya 1970, kampuni zikiwa chache na zikiaminiana. Aliyepenya humo aweza kuagiza ujumbe wako uende kwake. Ujerumani mwaka 2017 akaunti za benki zilikombwa kwa njia hiyo. Kuchuja maagizo ya aina hiyo ni kazi ya kampuni, wewe na mie hatuna mkono. Tuwezalo ni kutotegemea ujumbe mfupi peke yake: benki au barua pepe ikikubali, tumia programu inayotoa tarakimu za kuthibitisha ndani ya simu yenyewe.

Kwa leo, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Uliza duka la mtandao wako kama wanaweza kuifunga laini isibadilishwe mpaka ufike mwenyewe. Halafu weka PIN ya laini, maana mnyakuzi wa simu huichomoa laini akaitia kwenye simu nyingine apokee jumbe zako. Hiyo PIN usibahatishe. Tafuta ile kadi kubwa laini ilikobanduliwa, mna PIN na PUK, nambari ya kuifungulia laini iliyojifunga. Ukikosea PIN mara tatu utaombwa PUK, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekwenda. Juzi mteja amenijia ashakosea mara tisa, ataka mie nimjaribie ya kumi. Nikamrudishia simu yake.