Ukimpokea kijana karakanani, usimfanye wa kutumwa chai

Karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam. Tunatengeneza vitanda, makabati na meza za kulia. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipokea vijana walioachia shule njiani waje wajifunze kazi. Wa kwanza nilimpoteza, na kosa lilikuwa langu.

Alikuwa na miaka 16, ameishia kidato cha pili. Mama yake alimleta mwenyewe: "Fundi, nakuachia mwanangu." Kwa miezi miwili nikawa namfagiza maranda, namtuma gundi, namtuma chai. Nami nilianzishwa hivyohivyo, kwa hiyo sikuona tatizo. Siku moja hakuja. Nilipomkuta mtaani akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, kule nilikuwa sijifunzi, nilikuwa natumwa." Niliona aibu, kwa sababu alisema kweli.

Aliyefuata alikuwa binti wa miaka 18 aliyekatiza masomo kwa ujauzito, jioni anasoma QT, ile njia ya walioacha shule kuendelea na masomo ya sekondari. Siku ya tatu tu nikampa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja, nikamwambia atengeneze stuli. Futi ikamshinda. Inchi nzima alizijua, ila vile vistari vya katikati vilimchanganya. Tukachukua karatasi tukaikunja: nusu, robo, nusu ya robo. Akaiangalia karatasi, akaiangalia futi, akanyamaza kidogo, halafu akachukua penseli akapiga mstari mwenyewe. Mguu mmoja ulitoka mfupi kwa robo inchi, stuli ikawa inacheza. Mafundi wangu walitaka kumsaidia, nikawazuia. Akaigeuza, akapima miguu yote minne upya, akapunguza ile mitatu. Mama ntilie wa jirani aliinunua, na hela yote nikampa yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako mwenye gereji, saluni, cherehani au jiko: wiki ileile ya kwanza mpe kitu kidogo akianze na akimalize mwenyewe. Kufagia atafagia, sote tunafagia. Lakini awe na kazi anayoweza kuinyooshea kidole akasema hii ni yangu. Kijana aliyeambiwa miaka yote kwamba ameshindwa anahitaji sana kuiona kwa macho.

Sheria uijue pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 hapewi kazi ya hatari. Kwangu, mashine ya kuranda na msumeno wa umeme havishikwi na mwenye miaka 17, hata awe hodari vipi. Kuna msumeno wa mkono, kuna msasa, kuna kupima.

Nauli na chakula cha mchana mpe tangu siku ya kwanza. Wengi huacha kwa sababu ya nauli, na hawatakuambia.

Tena weka daftari. Andika tarehe, kazi aliyofanya na kifaa alichotumia, piga na picha. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita chuoni, na akifaulu anapata cheti. Siku akienda kupimwa, daftari hilo litamsaidia kueleza alichofanya, maana mbele ya mpimaji vijana wengi huishiwa maneno.

La mwisho ni masomo yake. Mwenye QT au MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, asikose darasa kwa ajili ya oda yako. Yule binti saa kumi kamili anavua aproni. Kama kabati la mteja limebaki mlango mmoja, mlango huo nitaufunga mimi.