Muulize Fundi Mitambo: Nani alikuwa ndani ya kinyago cha MF DOOM?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Tabata, Dar es Salaam, nachapa fulana. Siku hizi wateja wengi wanataka picha ya MF DOOM, yule rapa wa Marekani mwenye kinyago cha chuma. Kwa kuchapa kinyago chake kila siku nikajikuta nimeanza kumsikiliza, na sasa siambiwi sisikii. Juzi mteja mmoja kaniambia jamaa alikuwa tapeli: tiketi zinauzwa kwa jina lake, halafu anamvika mtu mwingine kinyago na kumpandisha jukwaani. Kijiweni tumegawanyika. Wapo wanaosema ni uzushi, wapo wanaosema ni kweli na huo ndio ubabe wenyewe. Ukweli ni upi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, na mwenyewe hakukana.

Huyu bwana jina lake ni Daniel Dumile. Alizaliwa London mwaka 1971, baba Mzimbabwe na mama wa Trinidad, akakulia Long Island, New York. Muziki wa kufokafoka aliuanza uso ukiwa wazi, akijiita Zev Love X, katika kundi la KMD alilokuwa nalo na mdogo wake, Subroc. Mwaka 1993 Subroc aligongwa na gari akafariki, na haikupita muda kampuni iliyokuwa ikiwarekodi ikakataa kuitoa albamu yao ya pili kwa sababu ya picha ya jalada. Kijana akapoteza ndugu na kazi kwa mpigo. Akatoweka kwa miaka kadhaa.

Aliporudi, mwishoni mwa miaka ya 1990, alianza kupanda jukwaa dogo la Nuyorican Poets Cafe pale Manhattan, kichwani amevaa soksi ndefu ya kike iliyomficha sura. Kinyago cha chuma kilikuja baadaye, kwa mfano wa Doctor Doom, yule adui wa kwenye katuni za Marvel. Sababu aliieleza waziwazi: muziki wa rap ulikuwa umeanza kuuzwa kwa sura, mavazi na vito vya shingoni, na yeye alitaka watu waachane na sura yake wasikilize mistari. Hiyo sababu ishike vizuri, maana ndiyo nitakayompimia.

Agosti 2007 lilitangazwa onyesho lake San Francisco. Aliyepanda jukwaani alivaa kinyago kilekile, lakini mwili ulikuwa mwembamba kuliko ule mashabiki waliouzoea, na midomo ilikuwa haiendi na maneno. Watu wakang'amua kwamba wanapigiwa sauti ya kwenye rekodi, wakazomea. Toka hapo kila onyesho lake likawa na swali mlangoni: leo ni yeye au si yeye? Yalikuwepo maonyesho aliyofika mwenyewe na kuchana kwa nguvu zote, yalikuwepo aliyochelewa mno, na yalikuwepo ambayo watu wanabishana mpaka leo.

Alipoulizwa, mwaka 2009, alijibu kwa utulivu kabisa. Alisema yeye ni mwandishi na pia ni mwongozaji, MF DOOM ni mhusika aliyemtunga, na nani amvae mhusika huyo ni uamuzi wake. Mtu aliyempandisha alimwajiri na kumlipa, kwa hiyo hapakuwa na mtu bandia. Akasema tena kwamba watu waje kusikiliza muziki, wasije kumtazama yeye.

Hapo kwenye kusikiliza ndipo ninapomkatalia. Kinyago kilitwambia tusitazame, tusikilize. Haya, watu wa San Francisco walikuja kusikiliza. Wakapewa nini? Wakapewa kitu cha kutazama: kinyago halisi, mtu anayepunga mkono, na sauti ambayo wangeweza kuipata kwa kubaki nyumbani na santuri zao. Kilichokosekana ni kilekile alichosema ndicho cha maana. Angeleta mtu mwingine mwenye kinyago anayechana kweli, kwa mapafu yake, ningekuwa na la kujadili. Kuleta mtu wa kufumba na kufumbua mdomo ni kukigeuza kinyago kuwa sura ya kuuzia tiketi, yaani jambo lilelile alilolikimbia.

Lakini usimbebeshe yasiyo yake. Dumile hakuwahi kuchukua uraia wa Marekani, ingawa alikaa huko toka utotoni. Mwaka 2010 alitoka kwenda kutumbuiza Ulaya, na aliporudi akazuiwa kuingia. Akabaki Uingereza, mbali na alikokulia. Kwa hiyo mtu akikwambia DOOM aliwasusa mashabiki wa Marekani miaka ile ya mwisho, mwambie kilichomweka mbali ni mpaka wa nchi. Alifariki Leeds tarehe 31 Oktoba 2020, akiwa na miaka 49, na dunia haikujua mpaka familia ilipotangaza tarehe 31 Desemba.

Fulana chapa. Mistari ya kwenye albamu alizotoa na watayarishaji wa muziki Madlib na Danger Mouse hakuna mtu aliyemfanyia, ni kazi ya kichwa na mapafu yake.

SWALI: Ndugu Fundi, nimekuwa nikifuatilia safu yako na naona utamhukumu huyu msanii kabla sijamaliza kuandika. Mimi ni Mmakonde wa Mtwara, nafundisha sanaa sekondari. Kwetu tuna mapiko, ngoma ya vinyago. Anapotoka lipiko, mwili mzima umefunikwa nguo na kichwa kimeingia ndani ya kinyago cha mti, hakuna anayeuliza ndani yupo mtoto wa nani. Kumuuliza ni kukosa adabu. Anayecheza ni lipiko, basi. Kwa nini Mwafrika huyu, ambaye baba yake ni Mzimbabwe, akifanya hivyohivyo Marekani aitwe mwizi? Huoni kwamba waliozomea ndio hawakuelewa kinyago ni nini?

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara kadhaa, na ndiyo hoja nzito kuliko zote nilizopata kuhusu jambo hili. Mashabiki wengi wa DOOM walioko Marekani wanamtetea kwa kusema tu kwamba alijiita mwovu, na mwovu hufanya uovu, hivyo anayelalamika hajui mchezo. Utetezi huo naukataa. Mtu akikwambia yeye ni mwizi kisha akakuibia, umeibiwa tu. Wewe umekwenda mbali zaidi, kwenye kinyago chenyewe.

Nilipata kuona mapiko huko kwenu kusini, wakati tulipokwenda kupiga muziki na bendi, na nilichokiona ndicho kinachonifanya nisikubaliane nawe. Lipiko alikuja kwa mwendo wa kukatakata, ngoma zikamwita, akasimama. Ngoma ndogo ikapiga pigo gumu, na yeye akalijibu kwa miguu palepale. Mpigaji akabadilisha, naye akabadilisha. Wazee waliokaa pembeni walikuwa wanamkagua, na mguu ungekosea wangejua. Kweli, hakuna aliyeuliza ni nani. Lakini kila mtu pale alikuwa na uhakika wa jambo moja: aliye ndani anacheza. Jasho ni lake, kishindo ni chake, na akichoka tutaona. Kinyago kimeficha jina la mchezaji, hakikuficha kama mchezaji anacheza ama hachezi. Ungeonaje kama lipiko angesimama tu uwanjani anatikisa mabega huku ngoma zikitoka kwenye spika? Nadhani wazee wa Mtwara wangekuwa wakali kuliko watu wa San Francisco.

Tena mapiko hayauziwi tiketi kwa jina la mtu. Kijiji kinakuja kwa lipiko. San Francisco tangazo lilitaja jina la msanii, na kijana aliyetoa mshahara wake aliutoa kwa jina hilo.

Lakini nakubaliana nawe kwamba kinyago kikivaliwa na mtu mwingine si lazima kiwe udanganyifu. Novemba 2019, kwenye tamasha la Adult Swim huko Los Angeles, mtayarishaji wa muziki Flying Lotus alimtangaza DOOM katikati ya onyesho lake. Akatoka mtu wa kinyago, ukumbi ukalipuka. Baadaye kinyago kikavuliwa, kumbe ni mchekeshaji Hannibal Buress. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Tofauti yake na 2007 ni kwamba kinyago kilivuliwa mbele yao. Waliambiwa ukweli wakiwa bado ukumbini.

Mashabiki wanavumilia mengi wakiambiwa. Niliwahi kukaa kwenye mitambo usiku ambao mwimbaji wetu mkuu alikauka sauti saa chache kabla ya dansi. Alisimama mbele ya maiki, akaonyesha koo, akanong'ona kwamba leo hana kitu, bendi itapiga na yeye atacheza. Waliotaka kurudishiwa kiingilio walirudishiwa. Waliobaki walikuwa wengi, na magitaa yaliwatendea haki mpaka alfajiri. DOOM alikuwa na mashabiki wenye mapenzi ya namna hiyo, na ndiyo maana jambo lake linaniuma. Wangemsamehe uchovu, wangemsamehe ugonjwa, wangemsamehe hata kusema waziwazi kwamba jukwaa halipendi. Naamini wangenunua tiketi ya onyesho lililotangazwa kwamba ndani ya kinyago hutajua nani yupo. Hawakupewa nafasi ya kuchagua.

SWALI: Fundi, salaam kutoka Mombasa. Mimi hupiga muziki maharusini. Mabishano ya DOOM nimeyasoma, nataka unipe ya ufundi. Rapa amejifunika uso, ukumbi una giza, mtu atajuaje kama anachana kweli ama ni pleibeki? Na je, ipo rekodi ya kusikia DOOM akiwa jukwaani kweli?

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu. Anza na mkono. Maiki ya kushika mkononi inasikia vizuri ikiwa karibu na midomo, na ikisogea hata upana wa kiganja sauti inapungua na besi inakimbia. Rapa akigeuka kumwangalia DJ, au akishusha maiki kupangusa jasho, na sauti imebaki palepale ilipokuwa, hiyo ni rekodi. Pili ni herufi. P na B zinatoa pumzi inayoipiga maiki kwa kishindo kidogo, na jukwaani hakuna anayekwepa zote. Kwenye rekodi ya studio vishindo hivyo husafishwa. Tatu ni pumzi yenyewe, na kwa DOOM hii ndiyo kubwa, maana mistari yake imejaa vina ndani ya vina na haiachi nafasi ya kupumua. Studio unaweza kurekodi mstari leo na unaofuata kesho. Jukwaani lazima uachie neno mahali fulani, na ndiyo sababu marapa hupanda na mwenzao wa kudakia maneno ya mwisho. Ukisikia dakika tatu za mistari mizito bila neno kudondoka na bila wa kudakia, uliza.

Ukiweza kusogea mpaka kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, tazama taa za chaneli. Maiki inayotumika taa yake inaruka na kila silabi. Sauti ikisikika ukumbi mzima na taa ya maiki imetulia, huku ile ya DJ ndiyo inayoruka, huna haja ya kumtazama mtu wa kinyago.

Usichanganye, hata hivyo, na rapa anayechana juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Wengi hufanya, mimi sipendi, lakini hapo utasikia sauti mbili zisizokutana sawasawa, na moja ni ya mtu aliye mbele yako.

Rekodi ipo, inaitwa Live from Planet X, ilitoka mwaka 2005. Ilirekodiwa ukumbi wa DNA Lounge, San Francisco, mji uleule uliokuja kuzomea 2007, na yeyote anayesema DOOM alituma watu kwa sababu jukwaa lilimshinda aisikilize kwanza. Usiisikilizie kwenye simu. Iweke kwenye spika zako za harusini, punguza besi ili biti isiifunike sauti, halafu fuata hizo alama nilizokutajia moja moja.