"Kinachorekebishwa" au "Kinachorekebishika"?

SWALI: Ninauza viti vya ofisini na vifaa vya ufundi. Bangoni niandike "kiti kinachorekebishwa" au "kinachorekebishika"? Na je, sifa hiyo naweza kuitumia katika tangazo la kutafuta mfanyakazi?

JIBU: Andika "kinachorekebishika". Kauli ya kutendwa humdokeza mtendaji hata asipotajwa, kwa hiyo "kiti kinachorekebishwa" wengi watakielewa kuwa kiko kwa fundi na mnunuzi hana budi kusubiri. Kauli ya kutendeka huiweka sifa ndani ya kitu chenyewe, kama tunaposema barabara inapitika au mwandiko unasomeka, awepo asiwepo mtu anayepita au kusoma wakati huo. Chunga tu usiandike "kilichorekebishika", maana hicho ni kiti kilichokuwa na hitilafu kikatengemaa. Kwa mnunuzi, hata hivyo, "kiti cha kupandisha na kushusha" kinaeleza zaidi.

Spana yenye taya ya kusogezwa mafundi wameshaipa jina, spana malaya, kwa kuwa hukubali nati za ukubwa tofauti. Sishauri uliandike bangoni, lakini linajibu nusu ya swali lako la pili: jambo lile lile linaloipa spana thamani, likihamishiwa kwa mtu, laweza kuwa tusi.

Kwa binadamu, kauli ya kutendeka ya vitenzi vya namna hii husikika sana katika ukanushi: harekebishiki, hashauriki, haambiliki wala hasemezeki. "Mtu anayerekebishika" si kosa la kisarufi, ila humchora kama mkosaji ambaye bado hajashindikana, anayengoja mkono wa mwingine. Ukitumia kiambishi -ji-, "anayejirekebisha", unamrudishia hiari yake, ingawa kosa linabaki limedokezwa. "Anayebadilikabadilika" liepuke kabisa, kwani urudufishaji huo unamsogeza karibu na kigeugeu.

Katika tangazo, basi, andika "mwepesi wa kuzoea mazingira mapya" ikiwa unataka mtu atakayehamishwa kutoka duka hadi ghala bila kuyumba. Ikiwa unachotaka ni mtu anayepokea maelekezo, Kiswahili kina "anayeambilika", ambalo nalo ni la kauli ya kutendeka, limetokana na "ambia" kwa kuirudisha l iliyopotea, na kwa maoni yangu ndiyo sifa nzuri kuliko zote katika kundi hili, kwa kuwa anayeambilika husikiliza kwanza, kisha huamua mwenyewe.