Kabla Hujamwita Mtu Mnafiki

Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa tumeketi barazani mtaa wa Langoni, hapa Lamu, baada ya sala ya alasiri, nilimwita jirani yetu mnafiki mbele ya watu. Alizoea kuwakanya vijana wasivute sigara, nami usiku uliotangulia nilikuwa nimemkuta akivuta peke yake uchochoroni. Mzee aliyenisomesha chuoni akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, amewahi kukwambia kwamba yeye havuti?” Nilinyamaza, kwa sababu hakuwahi kusema hivyo.

Tangu siku ile nimelichunga sana neno hili. Limetujia kutoka Kiarabu, na wako wanazuoni wa lugha wanaolihusisha na tundu la panya wa jangwani lenye milango miwili, ambaye akiviziwa huku hutokea kule. Kiini chake, basi, ni kuficha kwa makusudi. Sura ya 63 ya Kurani, yenye aya 11, inaitwa kwa jina la wanafiki, na inaanza kwa kuwaeleza watu wanaoshuhudia kwa ndimi zao jambo wasiloliamini nyoyoni. Hadithi mashuhuri nayo inataja alama tatu: mnafiki akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, na akiaminiwa hufanya hiana. Mtu aliyeshindwa kuacha kile anachowakataza wenzake hakutajwa humo.

Sisi tumelitanua mno. Anayechukua maneno ya huyu na kumpelekea yule tunamwita mnafiki, ilhali anayo sifa yake, mfitini. Anayebadili shauri kila uchao ni kigeugeu. Aliye karibu zaidi na mnafiki ni ndumilakuwili, anayekubaliana na kila upande ili apate kwa wote wawili, na huyo kwa kweli ndiye wa kuogopwa.

Kwa hiyo nakushauri, ndugu msomaji, ulitaje tendo ulilolishuhudia na kuiacha nia usiyoweza kuiona. Kumwambia mtu “uliniahidi na hukutimiza” kunampa nafasi ya kueleza au kutubu. Kumwita mnafiki, hasa katika mji mdogo kama wetu ambamo neno hutoka barazani likafika sokoni kabla ya magharibi, kunamfungia mlango huo.

Nilimwendea jirani yangu kumtaka radhi. Alinikaribisha ndani, akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Nawakataza kwa sababu najua ilivyonishika.”