Tarakimu kando ya jina la farasi

SWALI: Mhariri, ratiba ya mbio za Uingereza imeandika 60-432 kando ya farasi mmoja. Zinasomwaje, na je, anafaa kuwekewa dau?

JIBU: Kila tarakimu ni nafasi aliyomaliza katika mbio moja. Soma kutoka kushoto, tarakimu ya mwisho ndiyo mbio za karibuni. Kistari hutenganisha misimu, 0 ni kumaliza nje ya tisa bora. Huyu anapanda, ila usikimbilie dau. Wa pili kati ya watano, Daraja la 6, hamfikii wa nne kati ya kumi na sita, Daraja la 3 (namba ndogo ndiyo daraja la juu). Herufi D? Amewahi kushinda kwenye umbali sawa na wa mbio hizi. Mvua ikinyesha, na alitamba kwenye ardhi kavu tu, mwache. Katika mbio za kusawazisha uzito, kila pointi ya kiwango (alama ya ubora anayopewa farasi) humbebesha ratili 1 zaidi, ndiyo maana mshindi wa juzi, akishapandishwa kiwango, hulemewa leo.