Kima aliyenogewa si mraibu bado

SWALI: Natafsiri makala ya afya kuhusu majaribio ya bangi kwa wanyama. Nimeandika hivi: "Nyani waliovuta bangi walipewa zawadi, wakawa mateja, na panya walipoacha wakapata arosto, sasa inatafutwa dawa ya kuzuia dawa hiyo." Mhariri amenirudishia sentensi nzima bila maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Mhariri wako hakukuonea, ingawa angekufaa zaidi kama angekueleza. Karibu kila nomino hapo inasema jambo ambalo watafiti hawakulisema.

Anza na wahusika. Jaribio linalotajwa sana ni la mwaka 2000, la Tanda, Munzar na Goldberg, huko Marekani. Wanyama wao walikuwa kima wadogo wa Amerika Kusini, na nyani ni mnyama mwingine, mkubwa, wa huku kwetu. Tena hawakuvuta chochote. Kima alibonyeza wenzo, na akishatimiza idadi iliyowekwa, mashine ikamwingizia mshipani kiasi kidogo mno cha THC, yaani kemikali ya bangi inayolewesha. Bangi ni mmea mzima wenye kemikali nyingi; THC ni moja tu. Basi andika "kima waliojipa THC". Kitenzi "kujipa" ni kifupi na kinabeba kiini cha jaribio: mnyama hakulazimishwa.

"Zawadi" ndilo neno gumu, na nakuelewa kwa nini ulilishika, kwa kuwa kamusi ya Kiingereza, kwa neno "reward", inakupeleka huko. Lakini zawadi ina mtoaji mwenye nia njema. Tuzo ina mashindano, na thawabu watu huitarajia kwa Mungu. Mtafiti anachokitafuta ni kama kitu kinamfanya mnyama akirudie kitendo kilichomletea. Kiswahili kina kitenzi chake hapa, na kinatumika kila siku: kunogewa. Mtoto aliyeonja halua akarudi na mkono umenyooshwa, tunasema amenogewa. Kima wale walibonyeza wenzo mara nyingi walipopata THC. Ilipowekwa maji ya chumvi badala yake, kubonyeza kukapungua sana. Hiyo ndiyo maana ya kunogewa, imepimwa kwa wenzo. Kitenzi hiki kina faida nyingine: kinakubali kukanushwa. Kwa miaka mingi majaribio ya namna hii yalishindikana, na sababu moja ni vipimo vya THC kuwa vikubwa mno. Panya akipewa THC nyingi mahali fulani, mara nyingi hupakwepa mahali hapo. Ukiandika "panya hakunogewa, bali alichukizwa", msomaji anaelewa papo hapo. Jaribu kusema hivyo kwa "zawadi" uone sentensi inavyokwama.

"Teja" liache kabisa. Ni neno la mtaani, linahusu zaidi watumiaji wa heroini, na lina dharau ambayo hatuna haki ya kumtwisha mgonjwa, seuze kima. Neno la kitabibu ni "mraibu", na hali yake "uraibu". Wazee wa pwani waliita uraibu ule mchanganyiko wa kutafuna wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Leo neno hilo limebeba hali ya mtu anayeendelea kutumia kitu japo kinamdhuru, na kujizuia kumemshinda. Kima aliyebonyeza wenzo hajathibitisha hayo yote. Amenogewa, basi. Mwili ukihitaji kiasi kikubwa zaidi ili ulewe vilevile, sema umezoea. Usiseme "usugu", kwa maana wasomaji watafikiria vijidudu visivyosikia dawa.

Na panya wako hawakuacha. Mwaka 1995 watafiti waliwapa panya THC siku kadhaa, kisha wakawadunga kemikali inayoziba vipokezi vya THC kwenye ubongo. Panya wakaanza kujikung'uta mwili mzima kama mbwa aliyelowa na kujisugua uso kwa miguu ya mbele. Waliachishwa, hawakuacha wenyewe. Kauli ya kutendeshwa ndiyo inayobeba ukweli hapa. "Arosto" ni neno la vijiweni, nalo ni la heroini. Andika "dalili za kuachishwa" kwa panya, na "dalili za kuacha" kwa mtu aliyeamua mwenyewe.

Mwisho ni "dawa kuzuia dawa". Tanzania tumezoea "dawa za kulevya", na Kenya "mihadarati", nayo yote ni sahihi. Lakini katika aya inayozungumzia tiba, neno "dawa" libakie kwa kinachotibu, na kile kinacholewesha kiite kwa jina lake. Kemikali ile waliyodungwa panya inaitwa rimonabanti. Kwa kima nayo ilizima hamu ya kubonyeza wenzo kwa ajili ya THC. Ilipata kuuzwa Ulaya kuanzia 2006 kama dawa ya kupunguza unene, ikasimamishwa 2008 kwa sababu ya sonona na mawazo ya kujiua kwa baadhi ya waliotumia. Kwa hiyo usiandike "dawa imepatikana". Andika: "Kima waliojipa THC walinogewa, panya waliozoeshwa THC walionyesha dalili za kuachishwa, dawa ya kutibu uraibu wa bangi kwa binadamu bado inatafutwa."